Wenzangu wako leba, mimi nimepewa simu

Habari yako, Sista.

Mimi ni msichana wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, diploma ya uuguzi, hapa Kisumu. Kwetu ni Khwisero, upande wa Kakamega. Majibu yako nimeyasoma tangu mwaka wa kwanza, na lile la mwanafunzi aliyezimia ndani ya chumba cha upasuaji tulilicheka hosteli nzima. Leo zamu yangu imefika na sicheki.

Rota ya mazoezi ilipotoka, nilipelekwa kituo kimoja cha afya kando ya barabara ya kwenda Ahero. Wenzangu walipata leba, wodi ya watoto, wengine kasualti. Mimi niliandikiwa "simu". Nikadhani aliyechapa amekosea. Kumbe kituo kina chumba kidogo nyuma ya famasi, chenye meza moja, simu mbili na rejista, na kazi yako ni kuwapigia akina mama walioruhusiwa baada ya kujifungua, kuwatafuta wagonjwa wa presha na sukari waliokosa kliniki, na kupokea wanaopiga wenyewe. Wiki nne! Sista, nilipiga pasi yunifomu, nikapaka viatu rangi, nikaenda kuketi kama mtu anayeuza bima. Kwenye grupu letu la WhatsApp sasa naitwa Kastoma Kea. Kuna mmoja kila asubuhi hunitumia sauti: "Kwa Kiswahili, bonyeza moja."

Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba muhula uliopita mwalimu alitugawia dodoso la kupima mtazamo na ujuzi wetu kuhusu uuguzi wa mbali. Upande wa mtazamo nilitia tiki "nakubali kabisa" kuanzia juu hadi chini: utawafaa walio mbali, utapunguza msongamano, niko tayari kuufanya. Upande wa ujuzi nikaacha mapengo. Nani anaruhusiwa kumshauri mgonjwa kwa simu, unaandika nini, unajuaje kwamba huyu si wa kungoja asubuhi, yote sikujua. Wengi darasani tulikuwa hivyo hivyo. Mwalimu alisoma matokeo, akatikisa kichwa, kipindi kikaisha.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne moja, saa kumi na moja jioni hivi, sista in-chaji alikuwa ameitwa leba. Mama mmoja akapiga, anachanganya Kijaluo na Kiswahili. Kijaluo changu ni cha kununulia samaki tu. Alisema mtoto ana mafua, usiku anapumua kwa shida kidogo. Nikamwambia ni baridi ya hii mvua, amfunike vizuri, aendelee kumnyonyesha, na asubuhi akiona hajapata nafuu amlete. Akasema, "Asante daktari." Nikafurahi kuitwa daktari. Simu nzima ilichukua kama dakika moja na nusu.

Kesho yake saa nne mtoto aliletwa kwa bodaboda. Alikuwa wa wiki tatu. Sikuwa nimeuliza umri. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Walimwekea oksijeni, akapelekwa hospitali kubwa kwa ambulensi, akalazwa siku sita. Namshukuru Mungu yuko nyumbani na ananyonya. Sista in-chaji hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uliandika nini kwenye rejista?" Akaifungua mwenyewe. Hakukuwa na mstari hata mmoja. Akaifunga, akatoka. Afadhali angenipigia kelele.

Tangu siku hiyo simu ikilia moyo unaruka. Kila anayepiga namwambia aje kituoni, hata aliyetaka kujua kliniki hufunguliwa saa ngapi. Mama mmoja alitoka Nyakach kwa nauli ya kukopa kwa sababu ya kipande cha kitovu cha mtoto kilichokuwa kimeanguka vizuri tu, na akaniambia usoni kwamba nimemtesa.

Halafu kuna jambo dogo tu la nyumbani. Tangu niingie chuo nimekuwa daktari wa ukoo. Mama hunipigia usiku kuhusu presha ya jirani, shangazi anatuma picha ya upele. Juzi baba mdogo aliweka kwenye grupu la familia picha ya kidole chake cha mguu. Kina kidonda. Yeye ana sukari tangu 2019, ila alisema hakiumi sana. Nikamwandikia aloweke mguu kwenye maji moto yenye chumvi asubuhi na jioni, watu wakanimiminia maua na mikono ya maombi. Nikiacha kuwajibu watasema masomo yamenipa maringo.

Sista, niombe kuhamishiwa wodini? Hii ya simu ni uuguzi kweli, au tunapotezewa muda wa kujifunza kazi? Na hawa wa nyumbani niwafanyeje?

Kastoma Kea, Kisumu

JIBU LA SISTA

Binti yangu,

Kabla sijagusa maswali yako, mpigie baba yako mdogo. Sasa hivi, halafu urudi usome yaliyobaki. Mwambie amwage hayo maji moto.

Mtu aliyekaa na sukari miaka, mishipa ya fahamu ya miguu yake huanza kufa ganzi. Anaweza kutumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya kubabua asijue, mpaka aone ngozi inabanduka. Lile neno "hakiumi sana", lililokutuliza wewe na ukoo mzima, mimi ndilo lililonifanya niketi wima. Kwa mtu mwingine kidonda kisichouma ni habari njema. Kwake yeye, kutouma ni sehemu ya ugonjwa. Muulize kidole kina rangi gani, na kama kuna mahali pameanza kuwa peusi. Kinatoa usaha au harufu? Mguu umevimba? Mkewe aguse miguu yote miwili kwa kiganja akwambie kama huo mmoja una joto kuliko mwenzake. Amekuwa na homa? Mara ya mwisho alipima sukari lini, na ilikuwa ngapi? Akikutajia weusi, usaha, harufu, uvimbe au homa, aondoke leo leo. Hata kama hana lolote kati ya hayo, kesho asubuhi awe kwenye kituo cha afya, mtu akione kidonda kwa macho. Wakati anangoja, akifunike kwa kitambaa safi kikavu, asitembee peku, asivae kiatu kinachobana.

Umempigia? Haya.

Sasa tazama ulivyoniletea habari hiyo. Umeiita "jambo dogo tu", ukaiweka chini kabisa baada ya mambo ya rota na majina ya utani. Miaka yangu ya mwisho kazini niliketi kwenye simu kama wewe, na watu wote hufanya hivyo hivyo. Anakueleza kuhusu kikohozi dakika tano, mnaagana, "haya basi daktari, asante sana", na mkono wako uko karibu kukata, ndipo anasema, "eeh, na huyu mdogo hajakojoa tangu jana." Kwa hiyo nilijizoesha kutokata mimi kwanza. Namngoja mgonjwa akate. Ukitoka na hilo moja peke yake kwenye jibu hili, hizi wiki nne hazikupotea.

Tuje kwa mtoto. Ulikosea, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliyekuacha peke yako na simu inayolia, wewe mwanafunzi, naye alikosea, na nadhani ndiyo maana alifunga rejista akatoka bila kusema neno. Lakini nahisi kosa lako unalitafuta mahali silo. Wewe unadhani ulitoa jibu baya. Jibu lile, kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye kamasi, anayekula na kukimbizana na kuku, lingepita bila shida. Ulichokosea ni kujibu kabla ya kuuliza. Wodini macho yako yangekuulizia: ungemwona kichanga kifuani kwa mamake, ukajua uko na mgonjwa wa namna gani kabla hujafungua mdomo. Simu inakunyang'anya macho, pua na mikono. Inakuachia sikio na mdomo, nawe jioni ile ulitumia mdomo peke yake.

Hebu nikuonyeshe ninavyofanya mimi. Swali la kwanza, hata kabla ya pole, ni umri. "Wiki tatu." Basi. Mtoto aliye chini ya miezi miwili, ambaye mamake amepiga simu kwa sababu ya pumzi, huyo ataonwa leo. Hilo halijadiliwi tena. Ninachotafuta ni aje kwa haraka gani, na niwaambie nini watakaompokea. Siulizi "ananyonya?" kwa sababu kila mama atasema ndiyo. Nauliza mara ya mwisho alinyonya saa ngapi, na kama alivuta kwa nguvu zile za jana. Kisha namwambia: "Mama, weka simu kwa spika, iweke kitandani kando ya mtoto. Mfunue nguo mpaka uone tumbo na kifua. Analia? Tungoje atulie. Sasa kila tumbo likipanda, gonga simu kwa ukucha." Nanyamaza, natazama mshale wa saa ya ukutani dakika nzima. Ko. Ko. Ko. Kabambe isiyo na kamera inatosha kabisa. Mama akikosa mapigo mawili matatu haidhuru. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kasi, na kwa kuwa vichanga hupumua kwa mafungu, ukipata 60 unarudia kuhesabu. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, mpaka ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Namba hizi unazo kichwani, ulizikariri kwa mtihani wa afya ya mtoto. Hakuna aliyekwambia tu kwamba zinaweza kuhesabiwa ukiwa Kisumu na mtoto akiwa Nyando.

Halafu nauliza kama nyama chini ya mbavu zinabonyea ndani akivuta pumzi. Ulimi na midomo ni rangi ile ya siku zote? Ukimkwaruza unyayo anaamka, anavuta mguu? Mahali popote jibu likiwa baya, naacha kuhesabu. "Mwingize ndani ya nguo zako, ngozi kwa ngozi, panda pikipiki uje. Mimi nawaambia wakungoje." Nikimaliza namwomba anirudishie: "Mama, sasa niambie utafanya nini." Ukifanya hivyo utashangaa. Umesema "mlete leo", yeye amesikia "mlete akizidiwa". Mwisho namwahidi kwamba nisipomsikia baada ya saa moja, mimi ndiye nitakayepiga. Na napiga kweli, hata kama zamu imekwisha.

Suala la lugha usilipuuze. Ana kwa ana, Kijaluo cha kununulia samaki kinasaidiwa na uso na vidole. Kwenye simu hakuna cha kusaidia. Ukiuliza "Idhi nade?" ukajibiwa "Adhi maber", hiyo ni salamu, hujapokea dalili yoyote bado, mama wa Kano mwenye adabu atakusalimia hivyo hata nyumba ikiwaka. Hapo kituoni kuna mtu anayeizungumza vizuri, awe karani au mama wa usafi. Mwombe mama kwanza ruhusa ya kumweka kwenye spika, kisha keti na mkalimani wako mfasiri neno kwa neno. Na hilo "kidogo" lake, "anapumua kwa shida kidogo", liulize: kidogo namna gani? Akina mama wetu hutumia "kidogo" kwa heshima, wasikusumbue.

Kuhusu dodoso lenu, nisamehe, nimecheka. Darasa lenu si la ajabu. Wanafunzi wa uuguzi wa nchi nyingi wameulizwa maswali ya namna hiyo, na mara nyingi majibu huenda hivyo hivyo: mtazamo mzuri, ujuzi haba. Kutia tiki "nakubali kabisa" hakukugharimu kitu, ni kama kuulizwa unapenda maji safi. Mtazamo wenu hasa hauko kwenye ile fomu, uko kwenye ile sauti ya "bonyeza moja". Na chanzo chake nakijua, kwa sababu mimi mwenyewe nilifundisha. Kitabu cha mazoezi tulichokuwa tukiwatilia sahihi kilikuwa na nafasi ya sindano ngapi, katheta ngapi, akina mama wangapi umewazalisha. Mstari wa "simu alizopokea" sikuuona siku hata moja. Kisichotiwa sahihi mwanafunzi atakiheshimu kwa sababu gani?

Nikupe basi cha kuwajibu hao wa grupu. Kati ya 2007 na 2008, kliniki tatu za HIV humu humu Kenya zilijaribu jambo moja. Kila Jumatatu muuguzi wa kliniki alimtumia mgonjwa ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alikuwa na saa 48 za kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu, na aliyenyamaza vilevile alipigiwa. Wagonjwa walikuwa 538, waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wapate ujumbe na nusu wapate huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa na jarida la Lancet mwaka 2010. Kati ya waliotumiwa "Mambo?", asilimia 62 walisema wanameza dawa zao inavyotakiwa, dhidi ya asilimia 50 ya wale wengine. Waliokuwa na virusi vilivyodhibitiwa walikuwa asilimia 57, dhidi ya 48. Kwa neno moja la mtaani, ambalo mtu akichungulia simu yako haoni siri yoyote! Mimi hupenda zaidi ile sehemu ya walionyamaza. Mtu fulani alifikiri vizuri akaona kwamba kunyamaza nako ni jibu, na inafaa muuguzi anyanyue simu. Wale wagonjwa wa presha waliokosa kliniki, ulioandikiwa majina yao pale mezani, ndio hao walionyamaza.

Ndiyo, ni uuguzi. Uingereza walianzisha NHS Direct mwaka 1998, wauguzi wakipokea simu za wananchi huku wakifuata maswali yaliyopangwa kwenye kompyuta. Hapa kwetu Sheria ya Afya ya 2017 inatambua huduma ya afya kwa njia ya kielektroniki, na mwaka 2023 tukapata Sheria ya Afya ya Kidijitali. Lakini kaa ukijua: hujasajiliwa bado na Baraza la Wauguzi la Kenya. Wodini huruhusiwi kutoa dawa bila msajiliwa kukusimamia, na mgonjwa kuwa upande wa pili wa simu hakubadilishi hilo hata kidogo.

Rejista sasa. Andika huku mgonjwa anazungumza, usingoje akate. Saa ya simu, jina na nambari, anayepiga ni nani wa mgonjwa, umri, shida kwa maneno yake mwenyewe (andika "anapumua kwa shida kidogo", usiandike "mafua", mafua ni maneno yako), uliyouliza na alivyojibu, hata yale aliyokataa, ulichomshauri, uliyemwarifu, na saa utakayompigia tena. Ukianza kuandika hivyo utagundua jambo: safu ya "uliyouliza" ikiwa tupu, kalamu inakwama, na unarudi kwa mama na swali.

Yule mama wa Nyakach alikuwa na haki ya kukasirika. Hofu imekufanya uwaambie wote waje, na unadhani huko ndiko kuwa mwangalifu. Ni kosa lile lile la Jumanne, umeligeuza tu upande wa pili, maana bado huulizi. Kipande cha kitovu kimeanguka siku ya ngapi, kitovu kina wekundu au uvimbe kuzunguka, kinatoa usaha, kina harufu, mtoto ana joto, ananyonyaje? Dakika nne, na nauli inabaki mfukoni mwake. Akiwa na hata dalili moja ya hizo, mwite bila haya.

Kuhamishwa usiombe. Nenda kwa sista in-chaji Jumatatu asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, na umwombe mambo haya. Usiachwe peke yako na simu. Akiitwa leba, simu aibebe mtu aliyesajiliwa, au wewe uchukue jina na nambari tu umwambie mpigaji kwamba sista atampigia punde, na anayetaja kupumua, kutokwa damu, degedege au kuzimia aelekezwe hospitali papo hapo. Mwandike pamoja karatasi ya maswali ya mtoto mchanga, ya mama aliyejifungua, ya presha, ya sukari, mzibandike ukutani mbele ya meza. Na omba asubuhi mbili kwa wiki ukae na watoto wanaolazwa. Hapa nakubaliana na malalamiko yako: wiki nne nzima za simu tupu kwa mwanafunzi ni nyingi. Muuguzi ambaye hajawahi kuona kwa macho kifua cha mtoto kikibonyea, atamwelezaje mama wa Ahero anachopaswa kukitazama? Utakuta, nami nakuapia, kwamba ukirudi kwenye simu mchana huo maswali yako yamebadilika.

Muulize pia kama mnaweza kumpigia mama wa yule mtoto mkiwa wawili. Mwambie ni wewe uliyepokea siku ile, kwamba ulipaswa kumuuliza umri hukumuuliza, na unamwomba radhi. Anaweza kukupokea vizuri, anaweza kukufokea. Akifoka, sikiliza mpaka yeye akate.

Watu wa nyumbani hutaweza kuwakwepa, na sitakudanganya kwamba kuna mwanafunzi wa uuguzi wa Magharibi au Nyanza aliyewahi kufaulu. Mpokee mama. Ila mwambie wazi kwamba bado wewe ni mwanafunzi, na utakachofanya ni kuuliza maswali na kumwambia mgonjwa aende wapi na kwa haraka gani. Dawa hutaji, na dozi usiiguse kabisa. Presha ya jirani mwache jirani mwenyewe apige, au mama aombe idhini yake kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na kwa kweli hata bila sheria jirani hangependa namba zake zizunguke Khwisero. Picha wakutumie wewe pembeni, si kwenye grupu la mashemeji na wakwe, nawe ukishaitazama uifute. Kisha mwombe mama nambari ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Mwaka 2023 serikali iliwagawia wahudumu hao, kama 100,000 nchi nzima, simu na mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Wako wa kijijini anaweza kufika kwa baba mdogo jioni hii kabla yako na kabla yangu, na kama vijiti vya kupimia havijamwishia, atakusomea namba mkiwa wote kwenye simu.

Niandikie ilikuwa ngapi.

Sista